Si kila mwaka unaogawika kwa 4 una Februari 29
Wengi tulifundishwa skuli kuwa mwaka ukigawika kwa 4, Februari ina siku 29. Vijana wa Unguja wanaojifunza C, lugha ya kuandikia programu, huandika hivyo hivyo: if (mwaka % 4 == 0), yaani baki la kugawa kwa 4 ni sifuri. Wakiijaribu programu yao ya kutafuta siku ya wiki kwa 12 Januari 1964, siku ya Mapinduzi, inatoa Jumapili, sawasawa. Ndiyo maana kosa halionekani.

Irudishe nyuma zaidi, ikihesabu kutoka leo hadi 27 Agosti 1896, siku kasri la Sultani lilipopigwa mizinga. Itasema Jumatano, ilikuwa Alhamisi. Imeingiza siku isiyokuwepo mwaka 1900, kwani miaka ya mia huwa mirefu ikigawika kwa 400 tu, kama 2000. Sharti lenyewe (mabano yasisahauliwe; && ni "na", || ni "au", != ni "si sawa na"):

if ((mwaka % 4 == 0 && mwaka % 100 != 0) || mwaka % 400 == 0)

Mwenye kompyuta ya Linux aandike amri ya kalenda, cal 2 1900, yaani Februari 1900. Mwezi unaishia 28, Jumatano.