Kwa nini mgongo wa saidia fundi huumia akiinama, si akibeba?

Pita saiti yoyote ya Goba au Kigamboni siku Fuso la saruji linapoingia, uangalie vizuri. Vijana wawili juu ya gari wanamtwika mwenzao mfuko begani, anaondoka nao mbiombio hadi stoo. Mifuko 100 inaisha, hajalalamika mtu. Kesho yake kijana yuleyule yuko peke yake, anainama kuokota mfuko mmoja aupeleke kwenye zege, kiuno kinamshika, hanyanyuki. Mfuko ni uleule wa kilo 50. Imekuwaje?

Tofauti ni kati ya kutwikwa na kujitwika. Begani, mzigo umekaa karibu kabisa na uti wa mgongo, pingili zinaupokea kama nguzo inavyopokea zege la ghorofa. Ukiinama na mikono umeinyoosha, mfuko uko kama sentimita 40 mbele ya pingili za kiunoni, ilhali misuli inayokuinua iko kama sentimita 5 tu nyuma yake. Umbali mara nane, nguvu mara nane: misuli inavuta kana kwamba inainua kilo 400, na hapo hujahesabu uzito wa kifua na kichwa chako mwenyewe. Nguvu yote hiyo inaziminya diski, yaani vile vibonge vilaini vilivyo kati ya pingili. Ukijipinda huku umeinama, ndipo ganda la diski linapochanika kirahisi, na ute wa ndani unaweza kutoka na kubana neva. Maumivu yanashuka hadi mguuni.

Asubuhi ni mbaya zaidi. Usiku diski hufyonza maji na kujaa, kwa hiyo saa ya kwanza baada ya kuamka huwa ngumu kukunjika. Kijana katoka kwenye daladala alfajiri, anaanza na mifuko! Naomba mafundi wakuu waanze na kazi nyepesi.

NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, inaweka kikomo cha kilo 23 kwa mtu mmoja, tena mazingira yakiwa mazuri kabisa. Mfuko wetu ni zaidi ya mara mbili. Mkanda mpana wa kiunoni haujathibitika kuzuia majeraha, usiutegemee. Kinachosaidia ni kupanga saruji juu ya matofali, usawa wa kiuno, ili asiwepo wa kuiokota chini. Mfuko ukiwa chini, mwite mwenzako mshike wawili, muukumbatie karibu na tumbo, na mkigeuka mgeuke kwa miguu. Safari ndefu, toroli.

Ukiumia, maumivu mengi hupungua ndani ya wiki chache bila upasuaji. Lakini ukihisi ganzi sehemu za siri, mkojo ukigoma au ukikutoka wenyewe, miguu ikilegea, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usikae nyumbani ukichuliwa.