Mbwa wa tiba katika shule za Mwanza: neno la daktari wa mifugo

Siku hizi walimu wakuu wa hapa Mwanza wananiuliza swali ambalo zamani sikulisikia: je, wanaweza kuleta mbwa shuleni akae na wanafunzi wenye msongo, hasa mitihani ya kidato cha nne inapokaribia? Wameona video za shule za Marekani na Uingereza, watoto wamemzunguka mbwa aliyejilaza kwenye zulia. Jibu langu ni ndiyo, inawezekana. Ila kwa huku kwetu kazi inaanzia nje ya geti la shule.

Kwanza tuelewane kuhusu mbwa mwenyewe. Si yule anayemwongoza asiyeona, wala wa polisi anayenusa dawa za kulevya. Ni mbwa mpole, anayefika na mtu wake anayemjua vizuri, akakaa na watoto. Boris Levinson, mwanasaikolojia wa watoto wa New York, ndiye aliyelifanya jambo hili lizungumzwe na wataalamu miaka ya 1960. Mtoto mmoja aliyekuwa amejifungia moyoni aliletwa kwake kabla ya saa ya miadi, akamkuta mbwa wa daktari, Jingles, bado yumo ofisini. Akamkumbatia. Akawa anarudi kucheza na mbwa, na taratibu daktari naye akakaribishwa kwenye mchezo. Mwaka 1999, huko Salt Lake City, ukaanza mpango wa watoto kuwasomea mbwa vitabu kwa sauti, maana mbwa hacheki mtu akikosea neno. Na mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington walichapisha matokeo ya wanafunzi 249 wa chuo: waliopapasa mbwa na paka kwa dakika 10 tu, kotisoli kwenye mate yao, yaani homoni ya msongo, ilikuwa chini kuliko ya wenzao waliotazama kwa mbali au waliosubiri zamu.

Dakika 10 zinashusha msongo wa saa hiyo. Haziondoi kipigo cha nyumbani wala ada isiyolipwa. Mwalimu wa unasihi lazima awepo chumbani, kwa sababu mtoto akishaanza kuongea anahitaji mtu wa kumsikiliza na kufuatilia. Shule isiyo na mwalimu huyo imtafute yeye kabla ya mbwa.

Sasa turudi nyumbani. Mtoto wa Buhongwa au Igoma anamjua mbwa wa namna mbili: wa mlinzi, anayefungwa mchana kutwa na kufunguliwa usiku, na koko anayezurura penye mabaki ya samaki. Wote wawili amefundishwa kuwarushia mawe. Tena hofu yake ina msingi. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu 59,000 duniani kila mwaka, na karibu wote wameambukizwa na mbwa. Takribani wanne katika kila kumi ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana, karibu hakuna anayepona. Ndiyo maana aliyeng'atwa aoshwe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo akachanjwe, hata kama jeraha ni dogo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: shule inayotaka mbwa wa tiba ianze kwa kuwa kituo cha chanjo ya mbwa wa mtaa. Tukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Na siku ya chanjo wanaoleta mbwa huwa ni watoto, kwa kamba za katani na vipande vya kanga. Utamwona mvulana wa darasa la nne amechuchumaa, amemshika mbwa wake kichwa kwa mikono miwili, anamnong'oneza Kisukuma sikioni huku mimi nikidunga sindano. Mbwa anatulia, na mtoto anatulia naye. Hicho ndicho kinachotafutwa kwenye zile video, na hapa kwetu tayari kipo.

Mbwa gani afae? Usiagize wa kizungu. Mbwa wetu wa kienyeji ana manyoya mafupi, anastahimili joto. Muhimu ni tabia. Mimi namtaka aliyekomaa, si mtoto wa mbwa. Nadondosha sufuria nyuma yake. Namshika masikio na mkia, natenganisha vidole vya miguu. Naomba mtu awashe bodaboda karibu. Akishtuka halafu akarudi mwenyewe kunusa sufuria, huyo anafaa. Akijikunja na kubaki hivyo, arudi nyumbani kwa heshima zote. Mwalimu naye ajifunze kumsoma: kupiga miayo bila usingizi, kulamba midomo, kugeuza uso pembeni. Hapo amechoka, atolewe nje apewe maji na kivuli. Anayemlazimisha kuendelea ndiye anayetengeneza ajali.

Chanjo ya kichaa kila mwaka, dawa ya minyoo kila miezi mitatu, kupe na viroboto wadhibitiwe, asilishwe matumbo mabichi ya machinjioni. Watoto wanawe mikono kabla na baada.

Jambo ambalo video hazionyeshi ni imani. Waislamu wengi hapa wanafuata madhehebu ya Shafii, na kwao mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, moja kwa udongo. Basi mbwa asizungushwe madarasani. Awe na chumba chake, mbali na wanaposwalia na wanapolia chakula, waingie watoto wanne au watano kwa zamu, wale tu walioomba wenyewe na mzazi akaweka sahihi. Mwenye pumu, mwenye hofu au asiyetaka tu asiulizwe sababu.

Kwa shule ya serikali isiyoweza kumtunza mbwa, mwoneni afisa mifugo wa kata mapema, mpange chanjo karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Mwombeni abaki nusu saa baada ya sindano ya mwisho, awaonyeshe watoto namna ya kumkaribia mbwa: simama upande, usimkazie macho, mwache akunuse mkono kwanza, kisha mguse kifuani, si utosini.