Aamras si juisi, ni kitoweo

Kila kaskazi ikianza na embe zikijaa Marikiti, tunabandika menyu ya matunda ya msimu, na kila mwaka narudia maneno yale yale mezani. Mteja anaagiza thali, yaani sinia ya vyakula mbalimbali. Bakuli la aamras, rojo la embe mbivu zilizokamuliwa, linafika pamoja na puri, vimkate vyembamba vya kukaangwa, naye analisogeza kando. "Hiyo juisi nitakunywa mwisho." Ukifika huo mwisho, puri zimekwisha, ras (ndivyo tunavyoifupisha aamras) imepoteza ubaridi wake, na yeye anaimaliza kwa kijiko kisha ananiambia ni tamu mno. Itakosaje kuwa tamu mno, na umeitenga na kila kilichopikwa kuisindikiza?

Mimi ni mpishi wa mkahawa wa Kigujarati hapa Mombasa, wa mboga tupu, na safari hii naliandika kabisa ili nisilirudie tena.

Aamras ni kitoweo. Unamega puri ingali moto, unachovya, unakula, unafuatisha viazi vya jira au ncha ya achari, halafu unarudi kwenye ras. Chumvi, mafuta ya puri, ukali wa pilipili na utamu wa embe vinategemeana. Ukikiondoa kimoja, kinachobaki kinachosha ulimi. Huko India, katika majimbo ya Gujarat na Maharashtra, embe zikiiva kati ya Aprili na Juni, kuna nyumba ambazo chakula cha mchana ni puri na ras, na hakuna anayeuliza kitindamlo kiko wapi.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba anayebisha mara nyingi ni mtu wa Pwani. Huyo huyo anakula pilau kwa ndizi mbivu wala haoni ajabu. Mchuzi wa samaki kwao unatiwa embe mbichi. Jioni utamkuta ufukweni pa Mama Ngina na embe iliyopasuliwa, chumvi na pilipili ya unga zimemjaa vidoleni. Tunda ndani ya chakula analijua tangu utotoni, lakini akiketi kwenye mkahawa wa Kihindi, ghafla tunda sharti lingoje sahani ziondolewe!

Wako wengine upande wa pili, waliokulia India, wanaoniambia kwamba bila embe za kwao, hapus ya Ratnagiri au kesar ya Gir, hakuna aamras. Hao nawaelewa kidogo. Kesar maana yake zafarani. Jina hilo embe ile ilipewa mwaka 1934 na Nawabu, yaani mtawala, wa Junagadh kwa rangi ya nyama yake, na harufu yake sijaipata katika embe yoyote ya hapa. Lakini msimu wao si msimu wetu. Zetu zinakolea Novemba hadi Machi. Nifungue kopo la embe iliyopikwa kiwandani na kutiwa sukari, na Ngowe ziko sokoni mbichi kwa mbivu? Hapana.

Ras yangu kwa sehemu kubwa ni Ngowe, kwa sababu haina nyuzi karibu kabisa, na nyama yake ni laini hadi kwenye kokwa. Naichanganya na Boribo kwa ajili ya rangi, maana Boribo ndani inaelekea wekundu. Dodo kwa ulimi wangu ni tamu kuzishinda zote mbili, ila nyuzi zake zinabaki kwenye meno. Nikiitumia, lazima nichuje kwa kitambaa cha malmali, na kazi hiyo inakula asubuhi nzima. Apple naikata vipande, siikamui.

Na kukamua ndiko kwenyewe. Embe nzima, ikiwa na ganda lake, unaiminya kwa viganja ukiizungusha taratibu mpaka uisikie imekuwa maji ndani. Unakata kikonyo, unatoa tone la kwanza na kulitupa, maana utomvu wa pale juu unawasha na kuacha ukakasi. Kisha unakamua ndani ya sufuria, unapiga kwa mchapo wa mkono, unaweka kwenye friji. Blenda inatia hewa: ras inatoka na povu, na rangi inapauka. Najua mikahawa mingi inatumia blenda. Ndiyo maana ras yao inafanana na juisi, na ndiyo maana wateja wanakuja kwangu na dhana ile.

Maganda na kokwa hatutupi. Tunayaosha kwa maji kidogo, maji hayo tunayapiga na mtindi na unga wa dengu, tunachemsha kwa tangawizi na pilipili mbichi, halafu tunamwagia samli iliyokaangiwa jira na mvuje. Hiyo ni fajeto, mchuzi wa embe mbivu unaoliwa kwa wali. Iko kwenye menyu, mstari wa tatu, na karibu hakuna anayeiagiza. Inaniuma.

Wazee wa Kigujarati hutia juu ya ras unga wa tangawizi kavu na kijiko cha samli moto, wakisema inaifanya embe isilemee tumbo. Kuhusu tumbo sijaridhika; naitia kwa sababu ya ladha. Kuhusu maziwa sina msimamo mpaka leo. Embe ikiwa na uchachu kidogo, maziwa yanaituliza, lakini pia yanaifunika, na kuna siku natia na siku siti.

Mengine kwa haraka. Aam panna, ya embe mbichi iliyochemshwa na chumvi nyeusi na jira ya kukaanga, hiyo kweli ni kinywaji, nywa upendavyo. Raita ya nanasi, yaani mtindi wenye vipande vya nanasi, tunaichanganya ukishaagiza, au tunalipika nanasi kwanza, kwa sababu nanasi bichi linavunja protini ya mtindi na raita inakuwa chungu ikikaa. Ni kazi ya aina ile ile inayofanywa na papai bichi kwenye nyama ya mishkaki. Bhajia za ndizi mbichi zipo kwa ajili ya Wajaini, wafuasi wa dini ya Kijaini ya India, ambao hawali viazi wala mizizi mingine, lakini yeyote anaruhusiwa kuzila. Na embe za kabaidi, zilizoivishwa kwa kemikali hiyo, sinunui: ganda linageuka manjano na kokwani bado ni kali. India yenyewe imepiga marufuku kuivishia matunda kwa kabaidi.

Basi usinidai aamras mwezi wa Juni. Menyu ya msimu ina maana kwamba kitu kinakwisha. Embe zikikatika tunaifuta ras ubaoni, na kinachobaki ni chhundo: embe mbichi iliyokunwa, ikatiwa chumvi na sukari, ikaanikwa juani siku kadhaa ndani ya chombo kilichofungwa kitambaa mpaka shira ikolee, ndipo ikatiwa jira na pilipili ya unga. Inakaa mwaka mzima. Inaliwa na thepla, chapati nyembamba ya uwatu, kidogo kwa kila tonge, na ukimwomba mhudumu atakuletea kijiko cha ziada bila kukutoza.