Plastiki ikisagika, haijaisha

Hapa Bukavu, kando ya Ziwa Kivu, wengi huamini kwamba plastiki mbaya ni ile inayoonekana: chupa na mifuko inayoelea hadi bwawa la umeme la Ruzizi na kuziba mitambo. Ile iliyokatikakatika juani, wanasema, imekwisha, ziwa limeshaimeza.

Haijaisha. Jua na mawimbi huivunja tu, ikawa chembe zisizozidi milimita 5, nyingine hazionekani kabisa kwa macho. Hapo ndipo inapowafikia viumbe ambao chupa nzima isingewagusa.

Mtazame dafnia, kijidudu wa majini mwenye urefu wa milimita chache, mwili wake mwangavu hata utumbo unaonekana kwa darubini. Hula kwa kuchuja maji, wala hachagui sana: chembe yenye ukubwa wa mwani humezwa kama mwani. Wakipewa chembe zinazong'aa maabarani, utumbo wao huonekana umejaa mng'ao huo. Tumbo limeshiba, lishe hakuna. Katika majaribio mengi walikula mwani kidogo, wakadumaa, wakazaa watoto wachache. Kwa hiyo kusema “haiyeyuki, basi haina sumu” ni kosa. Inadhuru bila kuyeyuka, na baadhi ya kemikali zilizotiwa kiwandani huvuja pia.

Ni haki kusema kwamba majaribio mengi hutumia chembe nyingi kuliko zinazopatikana kwa kawaida ziwani. Ila sambaza wetu, samaki wadogo walioletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, hula vijidudu wa jamii hiyo. Chupa tunaweza kuiopoa. Chembe, huwezi kuzichuja ziwani bila kuwazoa na vijidudu wenyewe.