Kuvuta kamba hakutapatanisha mauzo na ghala

Ombi huwa lile lile: "Watu wangu hawashirikiani. Tupangie siku ya michezo wafahamiane." Nimechoka kulijibu kwa kila meneja peke yake, kwa hiyo nalijibu hapa. Wanafahamiana tayari. Wanajua mtoto wa nani anaumwa na nani anajenga. Wanachogombania ni mzigo uliolala ghalani siku nne, na mzigo huo hautatoka kwa sababu watu wamevaa fulana za rangi moja.

Imani iliyo nyuma ya ombi hili ni kwamba watu wakipendana watashirikiana. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Muzafer Sherif na wenzake waligawa wavulana 22 makundi mawili kwenye kambi huko Oklahoma, Marekani, wakawashindanisha hadi wakachukiana. Halafu wakajaribu kuwapatanisha kwa raha: wale chakula pamoja, watazame filamu pamoja. Uhasama haukwisha, mezani walirushiana chakula. Mambo yalianza kubadilika walipokutana na shida ambazo kundi moja lisingeziweza. Maji ya kambi yalikatika. Lori la kuleta chakula likagoma kuwaka, wakalivuta wote kwa kamba ile ile waliyokuwa wakishindania. Hata hapo uhasama ulipungua polepole, shida baada ya shida. Watoto kambini si waajiriwa, najua, lakini mpangilio ule nauona katika kila ofisi yenye ugomvi: watu wanakutanishwa sana huku kazi zao hazijafungamana.

Tazama mauzo na ghala. Muuzaji hupimwa kwa oda zilizosainiwa kabla mwezi haujaisha, kwa hiyo anaahidi siku tatu. Ahadi haimgharimu kitu. Mkuu wa ghala hupimwa kwa gharama ya usafirishaji kwa kila kilo, kwa hiyo anasubiri lori lijae; lori nusu litamharibia ripoti. Kila mmoja anafanya vizuri sana kile alichoambiwa afanye. Ukiwaita mafunzo ya "moyo wa timu" unawaonea wote wawili. Steven Kerr, msomi wa uongozi wa taasisi, aliliandika hili mwaka 1975: taasisi hulipia jambo moja huku zikitumaini kupata jingine. Bado tunashangaa.

Fanya hivi kabla ya kukodi ukumbi wowote. Chukua oda kumi za mwezi uliopita, nzuri na mbaya zikiwa zimechanganyika. Kila oda ipe karatasi yake, uandike ilipokelewa lini, ilishikwa na cheo gani, ilifanyiwa nini kwa dakika ngapi, kisha ikakaa wapi ikimsubiri nani. Waulize wanaoishika kazi kwa mikono, kwa sababu wakuu wao watakusimulia utaratibu ulivyoandikwa. Majina ya watu usiyaandike kabisa. Ukiyaandika, karatasi zinageuka hati ya mashtaka na hutaambiwa ukweli tena. Kwa kawaida kazi yenyewe hutoka saa chache, na kusubiri kunatoka siku kadhaa. Kila mahali oda ilipolala, uliza swali moja: aliyeiacha hapo angepoteza nini kwenye tathmini yake kama angeisukuma mbele? Mara nyingi jibu lipo, na ni la kueleweka.

Sasa wape kipimo kimoja: asilimia ya oda zilizomfikia mteja zikiwa kamili, siku iliyoahidiwa, na ankara isiyorudishwa kurekebishwa. Oda yenye vitu ishirini ikipungua kimoja ihesabiwe imeshindwa. Tarehe ya kwanza aliyoahidiwa mteja ifungwe isibadilishwe, kwa sababu isipofungwa itasogezwa mbele kila inapokaribia, na kipimo kitapanda huku mteja angali anasubiri. Na gharama ya usafirishaji? Usiifute. Ihamishe iwe ya idara zote mbili, ili muuzaji anapoahidi siku tatu aone lori nusu linavyoingia kwenye hesabu yake pia.

Hapa ndipo kamati huniudhi. Pendekezo linaingia likiwa safi, linatoka likiwa "asilimia 50 malengo binafsi, asilimia 50 malengo ya timu". Linaonekana la haki, halimkeri mtu, na ndilo baya kuliko yote. Ruth Wageman alichapisha mwaka 1995 utafiti juu ya mafundi wa Xerox, kampuni ya mashine za kunakili, wanaotengeneza mashine za wateja. Timu zilizopangiwa kazi na malipo ya pamoja kabisa zilifanya vizuri. Zilizopangiwa mtu mmoja mmoja kabisa nazo zilifanya vizuri. Zilizobaki nyuma ni zile za mchanganyiko. Sababu si ngumu kuiona: wiki ya mwisho ya mwezi mtu ana malengo mawili na saa hazitoshi, basi anakimbilia lile analolimudu peke yake. Lile la pamoja linabaki vikao.

Kwa hiyo amua kwanza kama kazi hii inahitaji watu wawili. Nyingi hazihitaji! Anayelinganisha taarifa za benki na daftari la hesabu anahitaji kimya na nyaraka zilizofika kwa wakati. Mpime peke yake, mwache afanye kazi.

Mengine nayapitia haraka. Kubomoa kuta ili watu "wazungumze" si dawa: watafiti Bernstein na Turban walipima ofisi mbili zilizofunguliwa hivyo, wakachapisha mwaka 2018 kwamba mazungumzo ya ana kwa ana yalipungua kwa takriban asilimia 70, na barua pepe zikaongezeka. Tathmini inayolazimisha wachache wawe wa mwisho kila mwaka iondoe leo. Microsoft waliiacha mwaka 2013. Nani atamfundisha mwenzake kazi ikiwa mwenzake akipanda yeye anashuka?

Bonasi ya timu ndiyo inayonipa shaka, ingawa miongozo huiandika kana kwamba imekwisha kuamuliwa. Mhandisi Mfaransa Ringelmann, katika maandishi yake ya mwaka 1913, alionyesha kwamba wavutaji kamba wakiongezeka, nguvu ya kila mmoja hupungua. Namba ya pamoja kwa watu thelathini ni maficho. Napendelea vikundi visivyozidi watu sita au saba, kila mmoja sehemu yake ikionekana na wenzake. Hata hivyo, mfanyakazi hodari anaweza kuona anawabeba wengine, akaondoka. Ndiyo maana nashauri kipimo kianze bila fedha kwa miezi mitatu, na mara nyingi baada ya hapo sioni haja ya kuziongeza. Pia kuna hali moja ambayo kipimo hakiiwezi: wakurugenzi wawili wanaowania kiti kimoja. Hapo bosi wao wote wawili asipoibeba namba hiyo mwenyewe, itakufa.

Jiandae kwa mwezi wa kwanza. Namba itakuwa mbaya, na makosa yanayoripotiwa yataongezeka. Mtafiti Amy Edmondson aliona hali kama hiyo hospitalini: timu zenye uhusiano mzuri ziliripoti makosa mengi zaidi ya dawa, kwa kuwa watu wake walithubutu kusema. Mameneja wengi hufuta mpango katika wiki hizo hizo.

Badala ya kufuta, weka kikao cha mauzo na ghala mara moja kwa wiki, dakika 20, wakiwa wamesimama. Orodha iwe ya oda zitakazochelewa wiki ijayo, maana zilizokwisha kuchelewa huleta mabishano ya nani alikosea. Kila oda itoke na jina la mtu mmoja na saa ya kurudisha jibu. Inayohitaji mjadala mrefu wapewe wawili wakaimalizie nje, wengine warudi kazini.