Leo Umecheza na Watoto Gani? Dhana Potofu Kuhusu Kazi na Maisha ya Watoa Tiba kwa Vitendo

Swali hilo hunipokea nyumbani kila jioni kutoka kwa shemeji yangu, na wala yeye haliulizi kwa ubaya. Siku moja alipita kazini kwetu akaona magodoro sakafuni, mipira, vikombe vya rangi na mtoto anacheka. Tangu siku hiyo ameamini kwamba kazi hii ya tiba kwa vitendo, ya kumsaidia mgonjwa aweze tena kufanya shughuli zake za kila siku, haichoshi, na kwamba sisi tunaolalamika kukosa muda wa maisha yetu tunadeka tu.

Njoo umwone mzee wa kiharusi anayejifunza upya kuvaa shati. Upande wa kulia umelala. Mkono mgonjwa ndio unaotangulia kuingia kwenye shati, na wakati wa kuvua ndio unaotoka mwisho. Usipofuata utaratibu huo atapambana na kitambaa mpaka akate tamaa. Unakaa ubavuni kwake, upande huo uliolala, kwa sababu akiyumba ataangukia huko. Anakosea kifungo, anarudia, anakosea tena. Wewe ungeweza kumvalisha kwa dakika mbili, lakini ukimvalisha umemnyima tiba yenyewe. Basi unakaa na mikono yako mapajani, bega lako likiwa tayari kupokea uzito wake, kwa dakika arobaini. Kubeba mtu kunachosha, ila kujizuia kumsaidia mtu unayemwona anahangaika kunachosha zaidi. Akitoka huyo, wengine wako kwenye benchi.

Halafu kuna kazi isiyoonekana. Shemeji yangu hajawahi kuuliza yale maboksi yanayoanikwa uani kila Jumamosi ni ya nini. Ni viti vya watoto wenye mtindio wa ubongo ambao hawawezi kukaa wenyewe. Tunavijenga kwa maboksi na karatasi chakavu, tabaka juu ya tabaka, kwa gundi ya uji wa unga, na kila tabaka linataka jua. Viti vya kununua ni ghali na mtoto anakua kila mwezi, kwa hiyo tunatengeneza. Saa za kuanika hazimo kwenye daftari la mahudhurio la mtu yeyote.

"Uwiano wa kazi na maisha ni saa nane kazi, nane nyumbani, nane usingizi." Hii wanaiamini hata wenzetu wa fani, na ni ajabu, maana fani yenyewe imejengwa juu ya wazo tofauti. Adolf Meyer, daktari wa akili mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Baltimore, Marekani, alichapisha mwaka 1922 andiko ambalo mpaka leo linahesabiwa kuwa miongoni mwa misingi ya tiba kwa vitendo. Alizungumzia mdundo wa mambo manne: kazi, mchezo, mapumziko na usingizi, ambayo mtu lazima aweze kuyawianisha hata katika shida. Hakugawa saa sawasawa. Karibu na zama zetu, watafiti wa Sweden wameueleza uwiano wa shughuli kuwa ni vile mtu mwenyewe anavyoona: je, shughuli zake zinamtosha bila kumzidi, na je, zinatofautiana vya kutosha?

Hilo la kutofautiana ndilo linalotubana. Chukua mama mtoa tiba anayetoka kazini saa kumi jioni. Mchana kutwa amelisha, amenyanyua, amebembeleza, amefundisha watoto kushika kijiko. Nyumbani anamkuta mwanawe wa miaka miwili na mama mkwe mwenye magoti mabovu. Analisha, ananyanyua, anabembeleza. Kwa hesabu ya saa, huyu ametoka kazini mapema. Kwa mwili wake, bado yuko zamu.

Kuna wanaosema anayefundisha uwiano hawezi kuukosa. Hapo sina maneno mengi: mganga hajigangi. Naweza kumpangia mgonjwa wa sonona ratiba ya siku yake, lini aamke, lini atoke nje, lini asalimie jirani, kisha mimi mwenyewe nikala chakula cha mchana saa kumi na moja nikiwa nimesimama.

"Aliyechoka hana wito." Hii ndiyo inayoumiza, kwa sababu husemwa na wakubwa, tena mbele ya watu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa kazini uliopitiliza katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, toleo lililoanza kutumika mwaka 2022. Halikuuita ugonjwa. Liliuita hali inayohusiana na ajira, inayotokana na msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa ipasavyo. Dalili ni tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuibeza, na kuona huna ufanisi. Yasome tena maelezo hayo uone yanaelekeza wapi. Chanzo kinatafutwa kazini, wala si katika moyo wa mfanyakazi. Na mara nyingi anayefika huko ni yule aliyeanza na wito mwingi kupita wenzake, kwa kuwa ndiye hawezi kumwambia mama aliyetoka mbali arudi kesho.

"Chukua likizo, utapona." Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka, na saa za kawaida za kazi zisizozidi 45 kwa wiki. Sheria ni nzuri. Ila haisemi nani atashika nafasi yako kama mko wawili tu, au uko peke yako. Kwa miaka mingi mafunzo ya fani hii nchini yametegemea hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, na hatujawahi kuwa wengi. Mtoto aliyeungua kiganja akikaa mwezi bila splinti yake, kile kifaa cha kushikilia vidole vinyooke, kurekebishwa, kovu linavuta vidole ndani. Ukirudi unaanza nyuma ya pale ulipoachia, na foleni imekua. Niliwahi kurudi likizo nikatamani nisingekwenda. Likizo inampumzisha mtu. Idadi ya wagonjwa inabaki vilevile.

Wanaodhani kliniki binafsi ina nafasi zaidi nawaambia tu kwamba mzazi mwenye kazi anapatikana jioni na Jumamosi, na foleni ya magari kati ya nyumba ya mgonjwa mmoja na ya mwingine hailipwi na mtu.

Kilichonisaidia mimi ni vitu vidogo. Kwanza, taarifa naziandika mgonjwa akiwa bado mbele yangu, na namsomea. Zamani nilikuwa nabeba mafaili nyumbani. Pili, akina mama wa watoto wenye mtindio wa ubongo wanakuja siku moja, kwa kundi. Wanafundishana namna ya kumkalisha mtoto wakati wa kula, na kusema kweli baadhi yao wananizidi.

Tatu ni simu. Nilikuwa na namba moja, na ujumbe wa WhatsApp uliingia mpaka usiku wa manane: picha ya mguu, sauti ya mtoto analia, "samahani dada najua umelala". Sasa nina laini ya kazi, inazimwa saa kumi na mbili jioni. Kila mzazi anapewa pia namba ya wodi ambayo haizimwi, na sharti moja nalirudia mpaka analikariri: splinti ikibana, vidole vikafa ganzi, vikavimba au kubadilika rangi, ivue na upige simu wodini hata saa nane usiku. Mengine yote yanasubiri saa mbili asubuhi. Tangu nianze, wodi imepigiwa usiku mara mbili.