Kabla na baada ya upasuaji wa kupunguza uzito: maswali kuhusu mlo wa majimaji

Kwa nini ninyimwe chakula wiki mbili kabla, na tumbo bado halijaguswa?

Ni kwa sababu ya ini. Sehemu yake ya kushoto imelalia juu ya tumbo, palepale daktari anapotaka kufika kwa kamera na vifaa vyembamba. Ini la mtu mnene mara nyingi limejaa mafuta. Pia limeweka akiba ya sukari, na kila gramu ya akiba hiyo hushika takriban gramu tatu za maji. Ukikata wanga na sukari, akiba inatumika, maji yanatoka, ini linasinyaa na kulegea. Ini lililovimba ni gumu kulinyanyua na huvuja damu upesi. Wapo waliofunguliwa, wakafungwa tena bila upasuaji kufanyika.

Basi uji unafaa? Nao unanyweka.

Haufai. Kosa linalowaangusha wengi ni kudhani kila kinachonyweka kinaruhusiwa. Uji wa sembe, wa ulezi au wa lishe ni wanga, nao unaijaza upya akiba unayohangaika kuimaliza. Juisi ya miwa, soda na chai ya sukari ni hivyo hivyo.

Ninywe nini, kiasi gani?

Lengo la kawaida ni kalori 800 hadi 1,000 kwa siku, zenye protini gramu 60 au zaidi. Mfano: chukua lita moja ya maziwa yaliyotolewa mafuta, koroga humo vijiko sita vikubwa vya maziwa ya unga yasiyo na mafuta. Hapo una karibu gramu 48 za protini. Ongeza mtindi usio na sukari, robo lita, unakaribia 60. Ugawe kwa mikupuo mitano. Kando ya hayo, kunywa maji na chai ya rangi isiyo na sukari.

Supu ya kuku iliyochujwa inaruhusiwa, ila usiihesabu kama chakula. Nguvu tunayoisifia kwenye supu iko kwenye nyama uliyoiacha sufuriani.

Nina kisukari. Niendelee na dawa zilezile?

Muulize daktari kabla ya siku ya kwanza. Ukiendelea na dozi ileile ya insulini, au ya vidonge vya kushusha sukari kama glibenclamide na gliclazide, huku wanga umeukata, sukari ya damu inaweza kuporomoka. Ikishuka chini ya 4 (mmol/L) kwenye kipimo, kunywa juisi nusu glasi mara moja. Wakati huo juisi ni dawa.

Baada ya upasuaji naanzaje?

Siku ya kwanza na ya pili ni maji na vinywaji vyepesi unavyoona hadi chini ya glasi. Kisha majimaji mazito kama maziwa na mtindi, kwa kawaida hadi mwisho wa wiki ya pili, ndipo vilivyosagwa laini. Ratiba ya hospitali yako ndiyo ya kufuata.

Kipimo cha kuanzia ni mililita 30, yaani vijiko viwili vikubwa, kama nusu ya kikombe cha kahawa chungu. Ukinywa hivyo kila robo saa, tangu saa 1 asubuhi hadi saa 2 usiku, unapata lita moja na nusu. Weka kengele kwenye simu, maana kiu haitakukumbusha vya kutosha, na ukichelewa huwezi kufidia kwa kugugumia: tumbo lililobaki ni dogo, litarudisha. Soda na mirija ya kunywea acha, vinaingiza hewa.

Aliyeunganishwa tumbo na utumbo akinywa kitu kitamu, sukari hufika kwenye utumbo kwa kasi na kuvuta maji: jasho, moyo kwenda mbio, tumbo kukata, kuhara.

Dalili gani zisisubiri kesho?

Homa, maumivu ya tumbo yanayozidi, kuhema, au mapigo ya moyo zaidi ya 120 ukiwa umetulia. Huenda mshono unavuja, hata kama tumbo halijauma sana.

Kutapika mfululizo nako kusichukuliwe kama sehemu ya safari. Vitamini B1 huisha mwilini ndani ya wiki chache, na upungufu wake huharibu ubongo na mishipa ya fahamu. Ukifika hospitali waambie umefanyiwa upasuaji gani na umetapika siku ngapi, ili upewe B1 kabla ya dripu ya glukosi.